Vipande viwili ndani ya shamba moja: jaribio la t la jozi au la makundi huru?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu samadi kwenye mahindi. Wakulima 12 walinipa kila mmoja vipande viwili vya mita 5 kwa 5 ndani ya shamba lake. Kimoja nilikitia samadi, kingine sikukitia. Nina pia vyungu 24 bandani, 12 vyenye samadi na 12 visivyo nayo. Nimefanya jaribio la t la jozi na la makundi huru kwa data zote mbili, na majibu yanapingana. Mwenzangu anasema idadi zikilingana, 12 kwa 12, basi ni la jozi. Nichague lipi, na kwa sababu gani?

Jibu: Marahaba. Jaribio la t huuliza kama tofauti ya wastani mbili ni kubwa kuliko inavyoweza kuletwa na bahati tu. Data za mashambani ni za jozi. Data za vyungu, kwa jinsi ulivyozieleza, ni za makundi huru. Kulingana kwa idadi hakuamui chochote hapa, na thamani za p ulizokwisha kuziona (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hiyo kwa bahati, kama samadi haina athari) haziamui pia. Kinachoamua ni namna ulivyogawa samadi kabla hujavuna hata gunzi moja.

Chukua kipimo kimoja cha upande wa samadi, halafu ujiulize: upande wa pili kuna kipimo kimoja tu ambacho ni mwenzake, na ninaweza kumtaja mwenzake huyo bila kutazama mavuno? Kwa mkulima namba 7 jibu ni ndiyo. Mwenzake ni kile kipande kingine cha mkulima huyo huyo, chenye udongo ule ule, mvua ile ile, tarehe ile ile ya kupanda na palizi ile ile. Kwa chungu namba 7 chenye samadi, mwenzake ni nani? Ukisema ni chungu namba 7 kisicho na samadi, kumbuka kwamba namba hiyo uliibandika wewe kwa kalamu. Ungeweza kuanza kuhesabu upande wa pili wa meza na chungu kile kile kingeitwa namba 3. Ukichanganya mpangilio wa safu ya pili ya vyungu hupotezi habari yoyote. Ukichanganya safu ya pili ya mashamba, umevuruga habari ya kweli: kipande kipi ni cha nani.

Sasa tuone kwa nini majibu yanapingana. Nitatumia tarakimu za mfano za mashamba sita tu, ili ufuate kwa kalamu na karatasi. Mavuno bila samadi, kwa tani kwa hekta, ni 1.4, 2.8, 3.9, 2.1, 4.6 na 3.2. Kwa samadi, kwa mpangilio ule ule wa mashamba, ni 1.9, 3.1, 4.5, 2.3, 5.1 na 3.5. Wastani ni 3.0 na 3.4, hivyo samadi imeongeza tani 0.4.

Jaribio la makundi huru linauliza: hii 0.4 ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na kutawanyika kwa mavuno ndani ya kila kundi? Mavuno yametawanyika sana, kwa sababu shamba la kwanza ni la udongo uliochoka na la tano liko bondeni. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha kutawanyika huko, ni 1.17 kwa kundi moja na 1.24 kwa jingine. Kosa sanifu la tofauti ya wastani, yaani kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati, ni kipeuo cha pili cha [(1.364 + 1.532) ÷ 6], yaani 0.695; tarakimu mbili za ndani ni varianti, yaani kila mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo t = 0.4 ÷ 0.695 = 0.58, kwa digrii huru 10 (vipimo 12 ukitoa makundi 2). Ili kuvuka kizingiti cha asilimia 5 (p chini ya 0.05) ungehitaji 2.228. Hukufika hata theluthi ya njia.

Jaribio la jozi halitazami mavuno yenyewe. Linatoa kwanza: 0.5, 0.3, 0.6, 0.2, 0.5, 0.3. Kuanzia hapo una safu moja tu ya tarakimu, na swali ni kama wastani wake uko mbali na sifuri. Wastani ni 0.4, mkengeuko sanifu ni 0.155, kosa sanifu ni 0.155 ÷ √6 = 0.063. Kwa hiyo t = 6.32, kwa digrii huru 5, na kizingiti ni 2.571. Tofauti ile ile ya tani 0.4 ambayo kule ilimezwa na kelele, yaani kutawanyika kusikotokana na samadi, hapa inaonekana wazi. Udongo uliochoka wa shamba la kwanza umeshusha vipande vyote viwili kwa pamoja, na ulipotoa kimoja katika kingine udongo huo ukaondoka kwenye hesabu.

Kanuni iliyo nyuma yake ni fupi. Varianti ya tofauti ni sawa na varianti ya kundi la kwanza, ongeza varianti ya kundi la pili, toa mara mbili ya r ikizidishwa na mikengeuko sanifu yote miwili. Hiyo r ni kipimo cha uhusiano kati ya wenzi wa jozi. Iwapo makundi yametawanyika sawasawa, r ya 0.5 inapunguza varianti kwa nusu, na r ya 0.8 inabakiza moja ya tano. Katika mfano wangu r ni 0.99. Shambani hutaipata ya juu hivyo, maana nimechagua tarakimu zinazoonyesha jambo kwa uwazi.

Kuunganisha jozi kuna gharama yake. Ukiwa na jozi n, digrii huru ni n − 1 badala ya 2n − 2, na kizingiti kinapanda. Kwa jozi zako 12 kinapanda kutoka 2.074 hadi 2.201 tu, na r ikizidi takriban 0.11 gharama hiyo imekwisha kulipwa. Kwa jozi sita unahitaji r ya karibu 0.25. Kwa jozi tatu, idadi ambayo wanafunzi wengi wa maabara huishia nayo, kizingiti kinaruka kutoka 2.776 hadi 4.303, na r inapaswa kuzidi karibu 0.58 ndipo upate faida. Kwa hiyo wakati wa kupanga jaribio, kabla ya kupanda, unganisha jozi kwa kitu ambacho una sababu nzuri ya kuamini kwamba kinaathiri mavuno: shamba, mteremko, siku ya kupanda. Kuunganisha kwa kitu kisichohusiana na mavuno ni kutupa digrii huru bure.

Kwa upande wa kumbukumbu, mfano wa kale wa faida hii uko katika makala ya 1908 ya William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeandika kwa jina la Student. Jaribio la t lilianzia hapo. Alitumia data za wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na kipimo kilikuwa saa za usingizi zilizoongezeka. Wastani ulikuwa 0.75 kwa dawa moja na 2.33 kwa nyingine. Ukizihesabu kama jozi, t ni 4.06 na p ni karibu 0.003. Ukizihesabu kana kwamba ni watu 20 tofauti, t ni 1.86 na p ni karibu 0.08. Watu hulala kwa viwango tofauti mno, na mgonjwa kulinganishwa na nafsi yake ndiko kulikosafisha hesabu.

Hata hivyo mfano ambao ningependa uukumbuke zaidi ni wa Charles Darwin, kwa sababu ni wa mahindi, ni wa vyungu, na unakwenda kinyume na matarajio. Katika kitabu chake cha 1876 Darwin alilinganisha miche iliyotokana na uchavushaji mtambuka (chavua ya mmea mwingine) na miche iliyojichavusha yenyewe. Miche iliyoota wakati mmoja aliipanda miwili miwili, mmoja upande huu wa chungu na mwenzake upande wa pili wa chungu kile kile. Alipata jozi 15 katika vyungu vinne, akapima urefu kwa inchi na sehemu za nane za inchi. Wastani wa tofauti ulikuwa inchi 2.62 kwa faida ya uchavushaji mtambuka.

Mwaka 1935 mtakwimu Ronald Fisher alizihesabu data hizo kama jozi akapata t = 2.148 kwa digrii huru 14. Kizingiti ni 2.145. Imevuka kwa unywele. Sasa zihesabu kama makundi huru: t inakuwa 2.44 na p inashuka hadi karibu 0.02. Hapa jaribio la jozi ndilo lililotoa jibu dhaifu! Sababu ni kwamba r katika jozi hizo ni hasi, takriban −0.33. Katika jozi mbili mche wa mtambuka ulidumaa kwenye inchi 12 tu, huku mwenzake aliyejichavusha akifika zaidi ya inchi 20 katika jozi moja na inchi 18 katika nyingine. Pengine wenzi wa chungu kimoja walinyang'anyana mwanga na maji, pengine ni bahati ya jozi 15 tu. Vyovyote iwavyo, kutoa kimoja katika kingine kuliongeza kelele badala ya kuipunguza.

Je, Fisher alipaswa kuachana na jozi kwa kuwa p ya pili ni nzuri zaidi? Hapana, na hapa ndipo jibu langu kwako linaposimama. Kizingiti cha asilimia 5 kina maana kwa hesabu iliyochaguliwa kabla. Ukifanya majaribio mawili kisha ukabaki na lile lililokupendeza, nafasi yako ya kutangaza athari isiyokuwepo imezidi asilimia 5, na hakuna mahali katika ripoti yako ambapo msomaji ataiona ziada hiyo. Darwin alipanda kwa jozi, kwa hiyo hesabu ni ya jozi, hata ilipomgharimu.

Kisa hicho kina kosa moja linalorudiwa hadi leo. Darwin alimwomba binamu yake, Francis Galton, amsaidie kuzitafsiri tarakimu. Galton alizipanga upya kwa urefu, kila upande peke yake, kisha akalinganisha mrefu wa huku na mrefu wa kule, mfupi na mfupi. Fisher alimkosoa kwa hilo, na alikuwa na haki. Mpangilio huo unatengeneza uhusiano mkubwa wa bandia, tofauti zinaonekana kutulia sana, na jozi za kweli zimetoweka. Wewe unaweza kulifanya kosa hili kwa kubofya mara moja: ukichagua safu moja tu katika Excel na kuipanga kutoka ndogo hadi kubwa, safu ya pili inabaki ilipo na hakuna onyo la kutosha kukuzuia. Weka daima safu ya namba ya mkulima, na kabla ya kuhesabu soma mistari mitatu au minne dhidi ya daftari la shambani.

Turudi kwenye vyungu vyako. Ikiwa uligawa samadi kwa nasibu kwa vyungu vyote 24, tumia jaribio la makundi huru, na ninakushauri lile la Welch, ambalo halidai varianti za makundi mawili ziwe sawa. Usianze kwa kupima kama varianti zinalingana ndipo uchague; kwa sampuli ndogo kipimo hicho cha awali hakioni vizuri, na Welch inakugharimu kidogo sana hata zikiwa sawa. Lakini tazama daftari lako vizuri. Kama vyungu viliwekwa viwili viwili, mahali pamoja mezani, na kila mara ukarusha sarafu kuamua kipi kipate samadi, basi hizo ni jozi 12 halali, maana chungu kilicho karibu na mlango na jirani yake wanapata mwanga mmoja. Na kama vyungu vyote vya samadi vilikaa meza ya mashariki na vingine vyote meza ya magharibi, hakuna jaribio la t litakalotenganisha samadi na meza. Hilo liandike wazi katika sehemu ya upungufu wa utafiti.

Sarafu hiyo inahusu mashamba pia. Ndani ya kila shamba, kipande cha samadi kilichaguliwaje? Mkulima akikuonyesha mwenyewe "hapa weka mbolea", mara nyingi anaonyesha pale panapostahili zaidi, au pale palipochoka zaidi, na upendeleo huo unaingia moja kwa moja kwenye tofauti. Jozi huondoa tofauti kati ya mashamba. Tofauti kati ya vipande viwili vya shamba moja inabaki palepale, na dawa yake ni bahati nasibu tu.

Kama ulipima mimea 10 katika kila kipande, usiingize mimea 120 dhidi ya 120. Samadi uliitia kwenye kipande kizima, kwa hiyo kipande ndicho kinachohesabiwa kuwa kimoja. Chukua wastani wa mimea 10, ubaki na tarakimu moja kwa kila kipande, na n yako ni jozi 12. Ukihesabu 120, digrii huru zinavimba na p inakuwa ndogo kwa udanganyifu. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika ripoti za kilimo na maabara, na watahini huliona upesi. Usiunganishe pia mmea wa tatu wa kipande hiki na mmea wa tatu wa kile, hao hawajuani.

Mbuzi wakila kipande kimoja cha mkulima namba 9, jozi nzima ya mkulima huyo inatoka katika jaribio la jozi na unabaki na 11. Usijaze pengo kwa wastani wa wengine. Usihamie kwenye makundi huru eti ili kuokoa kipande kilichosalia, kwa sababu utapoteza faida ya jozi 11 kwa ajili ya tarakimu moja. Eleza tu kwamba jozi moja ilipotea na kwa nini.

Kuhusu masharti: katika jaribio la jozi, kinachotakiwa kukaribia mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele) ni tofauti zenyewe. Mavuno yenyewe yanaweza kupinda yatakavyo. Kwa hiyo chora tofauti 12 kwenye mstari mmoja uzitazame. Kisha chora mchoro wa pili: tofauti dhidi ya wastani wa jozi. Ukiona tofauti zinakua kadiri shamba linavyozaa, yaani samadi inaongeza asilimia fulani badala ya tani fulani, chukua logi ya kila vuno, utoe logi katika logi, ndipo ufanye jaribio. Matokeo utayarudisha kama uwiano: mavuno ya samadi ni mara ngapi ya yasiyo na samadi. Iwapo tofauti moja au mbili ziko mbali kabisa na nyingine, rudi kwanza kwenye daftari kuona kama ni kosa la kuandika. Kama si kosa, jaribio la Wilcoxon la alama za cheo, linalotumia cheo badala ya tarakimu zenyewe, ndilo mwenza wa jozi, na la Mann-Whitney ndilo mwenza wa makundi huru. Watu huyachanganya hayo mawili, na mchanganyo ni ule ule ulioleta swali lako.

Kuna mpangilio mmoja unaofanana na jozi na kuwapoteza wengi. Tuseme umepima rutuba ya udongo kabla na baada ya msimu, katika vipande vya samadi na katika vipande visivyo na samadi vya mashamba mengine tofauti. Wengi hufanya jaribio la jozi kwa kila kundi, wanapata p = 0.03 huku na p = 0.09 kule, kisha wanatangaza kwamba samadi imefanya kazi. Hawajalinganisha makundi hayo hata kidogo. Toa kabla katika baada kwa kila kipande, upate badiliko moja moja, kisha linganisha mabadiliko ya kundi moja na ya jingine kwa jaribio la makundi huru. Na ukibaki na kabla na baada peke yake, bila kundi la ulinganisho, hesabu ya jozi ni sahihi lakini haijui kutenga samadi na mvua za msimu huo. Matibabu yakifika matatu au zaidi, acha majaribio ya t mawili mawili, utumie uchanganuzi wa varianti (ANOVA) ambamo shamba ni bloku, yaani kundi la vipande vinavyofanana. Kwa matibabu mawili uchanganuzi huo unatoa p ile ile ya jaribio la jozi.

Katika Excel, kazi ya T.TEST inadai mwishoni tarakimu ya aina: 1 ni jozi, 2 ni makundi huru yenye varianti sawa, 3 ni Welch. Tarakimu inayotangulia ni mikia (1 hupima tofauti upande mmoja tu, 2 pande zote mbili), weka 2. Katika R, programu ya takwimu, t.test(samadi, bila, paired = TRUE) ni ya jozi, na ukiacha neno hilo la mwisho unapata Welch. Ikiwa data zako ziko katika safu moja ndefu yenye safu nyingine ya jina la kundi, zigeuze kwanza ziwe safu mbili, mkulima mmoja kwa mstari. R kuanzia toleo 4.4.0 inakataa kabisa kufanya jaribio la jozi kwa fomula ya safu ndefu, kwa sababu matoleo ya awali yaliunganisha jozi kwa mpangilio wa mistari tu, na mistari ikivurugika jozi zilivurugika kimyakimya. Njia ya kujihakikishia: tengeneza mwenyewe safu ya tofauti kutoka daftari la shambani, mkulima mmoja mmoja, ufanye t.test(tofauti). Ikitoa t tofauti na ile ya jozi, mistari yako haikukaa sawa.

Katika ripoti, kwa kila jaribio taja wastani wa tofauti, wigo wa uhakika wa asilimia 95, t, digrii huru, p na idadi ya jozi. Kwa tarakimu zangu za mfano sentensi ingekuwa hivi: "Samadi iliongeza mavuno kwa wastani wa tani 0.4 kwa hekta (wigo wa uhakika wa asilimia 95: 0.24 hadi 0.56; jaribio la t la jozi, t = 6.32, digrii huru 5, p = 0.001, jozi 6)." Usiweke mchoro wa nguzo mbili zenye antena za mkengeuko sanifu kwa data hizi, nguzo zitaonekana zimekaliana na msomaji atadhani umekosea hesabu. Weka nukta 12 kushoto na 12 kulia, uunganishe kwa mstari vipande viwili vya kila mkulima, ili aone mwenyewe mistari mingapi inapanda na mingapi inashuka.